Pensheni: Bulamatari alilipa watu wake kwanza

Kila mwaka tarehe 30 Juni ikikaribia, tunasikia tena hotuba juu ya Lumumba, juu ya mfalme Baudouin, juu ya upanga wa mfalme ulioibwa barabarani Léopoldville siku moja kabla ya uhuru. Juu ya pensheni hakuna anayesema. Lakini wiki mbili tu kabla ya sherehe ile, tarehe 16 Juni 1960, bunge la Ubelgiji lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ndogo ambayo haikuimbwa na mtu yeyote. Sheria ile iliweka chini ya dhamana ya serikali ya Ubelgiji mashirika yaliyosimamia akiba ya uzee ya waajiriwa wa Kongo na Ruanda-Urundi. Kwa maneno mengine: hata Kongo ikianguka, hata sanduku likikauka, yule aliyekuwa na haki ataipata Brussels.

Tunaanza na sheria ile kwa sababu leo wazee wetu waliotumikia serikali, waalimu, wauguzi, makarani wa teritware, wanaulizana kitu kile kile ambacho Wabelgiji walikiuliza mwaka ule: ahadi hii italipwa na nani, na kwa mfuko gani? Wabelgiji walijibu haraka, juu ya watu wao. Sisi, zaidi ya miaka 60 baadaye, bado tunajibu nusu nusu.

Turudi nyuma kidogo. Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka mikononi mwa Leopold II mwaka 1908, ilitunga Katiba ya Kolonia, tarehe 18 Oktoba ya mwaka ule. Kifungu chake cha kwanza kabisa kilisema kwamba Kongo ina utu wake wa kisheria, tofauti na wa Ubelgiji, na kwamba mali na madeni ya pande mbili yatabaki mbali mbali. Deni la Kongo litabebwa na Kongo peke yake, isipokuwa sheria iseme vingine. Ukisoma haraka unaweza kufikiri ni jambo zuri, kwamba walituheshimu kama nchi. Hapana. Mlipa kodi wa Antwerp au Liège hakutaka kulipa hata franka moja kwa ajili ya kolonia ambayo mfalme wake aliitafuta kwa tamaa yake mwenyewe.

Matokeo yake yalikuwa wazi. Gavana, msimamizi wa teritware, hakimu, mganga wa serikali, wote walilipwa na bajeti ya Kongo. Wakimaliza miaka yao na kurudi kwao, pensheni nayo ilikuwa mzigo wa bajeti ile ile. Na bajeti ile ilitoka wapi? Ilitoka kwa ushuru wa forodha, kwa kodi za makampuni ya madini na faida za hisa ambazo kolonia ilikuwa nazo ndani yake, na kwa kodi ya kichwa ambayo babu zetu walilipa kwa pamba, kwa mawese, kwa kibarua cha barabara. Mkulima wa Masisi au wa Fizi ambaye hakuwahi kuona bahari alichangia uzee wa mzungu aliyekuwa amekaa kwenye baraza yake huko Namur. Hakuulizwa, na hakuna aliyemwonyesha hesabu.

Mambo haya hayakuwa ya Kongo peke yake. Waingereza walifanya vile vile katika India, ambapo pensheni za maofisa wao waliorudi Uingereza zilitoka katika kodi za Wahindi. Dadabhai Naoroji aliandika kitabu kizima mwaka 1901 kuonyesha jinsi mali ya India ilivyokuwa inavuja kupitia njia hizo. Katika Afrika ya Mashariki pia, koloni ililipa pensheni za maofisa wake, na uhuru ulipokuja nchi mpya zikaombwa ziendelee kulipa. Tanzania ya Nyerere ilikataa mwaka 1968: ilisema haiwezi kulipa pensheni kwa miaka ambayo maofisa wale waliitumikia Uingereza kabla ya uhuru. London ilikasirika, msaada ukakatwa. Lakini mwaka 1973 bunge la Uingereza lenyewe lilipitisha sheria ya kuiruhusu serikali yake kubeba mzigo huo. Nyerere hakukosea sana, basi.

Kwa upande wetu ugomvi uliitwa kontansie, na wazee wanalikumbuka neno hilo. Ulikuwa ugomvi wa hesabu kati ya Kongo na Ubelgiji: nani anabeba deni la kolonia, nani anachukua hisa za makampuni. Tarehe 6 Februari 1965 Moïse Tshombe, wakati ule waziri mkuu, alitia sahihi mikataba Brussels pamoja na Paul-Henri Spaak. Alirudi Léopoldville na hisa mkononi kama mtu aliyeshinda mechi. Mfuko wa pamoja ukaundwa ili kulipa sehemu ya deni. Watu walishangilia hisa. Wachache waliuliza juu ya deni, na juu ya makarani na askari weusi wa kolonia hatujaona mahali ambapo walikuwa kiini cha mazungumzo.

Hapo ndipo kidonda kilipo.

Serikali ya kolonia ilikuwa na watu wa aina mbili. Kulikuwa na maofisa wa Ulaya, karibu elfu kumi mwishoni. Sheria za mwaka 1960 ziliwahakikishia kazi na haki zao, na mwaka 1964 zilikusanywa pamoja na amri ya mfalme ili kusiwe na mashaka. Kulikuwa pia na Wakongomani, makumi ya maelfu ya makarani, wauguzi, wapimaji, polisi, ambao kwa muda mrefu waliwekwa katika sheria yao ya pembeni, wakiitwa wasaidizi. Ni mwaka 1959 tu ndipo sheria moja kwa wote ilipokuja, na hata hivyo siku ya uhuru Wakongomani waliokuwa katika nafasi za juu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kati ya nafasi zaidi ya elfu nne. Kwa akiba ya uzee ilikuwa hivyo hivyo. Waajiriwa wa Ulaya katika makampuni walikuwa na mfuko wao tangu miaka ya 1940. Kwa wafanyakazi Wakongomani, mfuko wa pensheni ulianzishwa kwa dekreti ya mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya Wabelgiji kuondoka. Mtu aliyeanza kazi mwaka 1930 alikuwa amechoka tayari wakati sanduku lilipofunguliwa.

Na askari je? Force Publique ilichukua Tabora mwezi wa Septemba 1916, na nyuma ya askari walikwenda wapagazi zaidi ya 200,000, wengi wao wakitoka upande wetu huu wa mashariki, wengi wao bila kurudi. Mwaka 1941 askari wetu walifika Ethiopia, na huko Saïo majenerali wa Kiitalia wakajisalimisha tarehe 3 Julai. Wengine walipelekwa hadi Burma. Siku ya uhuru jeshi lilikuwa na watu karibu 25,000 na hakuna hata ofisa mmoja mweusi. Jenerali Janssens aliwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawa sawa. Siku hiyo hiyo walianza kuasi. Watu wanaeleza uasi ule kwa vyeo na mishahara, na ni kweli. Lakini askari mwenye miaka 20 kazini, asiyejua atakula nini akivua koti la kijeshi, huyo pia alikuwa katika kambi ile.

Mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe alikuja Kinshasa na kumvika medali Albert Kunyuku, mzee wa miaka mia moja, wa mwisho aliyejulikana kati ya wapiganaji wa Vita Vya Pili. Picha ilizunguka dunia nzima. Ilikuwa picha nzuri, hatukatai. Ila medali hainunui unga, na wenzake waliokufa zamani hawakuwa na kamera mbele yao. Wafaransa walifanya vibaya zaidi kwa namna nyingine: sheria yao ya bajeti ya Desemba 1959 iligandisha pensheni za wapiganaji wa makoloni yaliyopata uhuru, na ilichukua karibu miaka 50, na filamu moja iliyotoka mwaka 2006, kabla ya Paris kuanza kurekebisha. Wasenegali na Waaljeria walikuwa angalau na kiasi kilichogandishwa cha kulalamikia.

Tunajua kuna msomaji atakayesema: kila siku mnalia juu ya Wabelgiji, wameondoka tangu 1960. Ana haki. Kwa hiyo tufungue daftari letu wenyewe.

Mwaka 1961 Kongo ilianzisha shirika la taifa la akiba ya jamii, INSS, ambalo leo ni CNSS, kwa wafanyakazi wa makampuni. Kwa watumishi wa serikali hakukuwa na sanduku. Kwa miaka zaidi ya 50 pensheni yao ilitoka moja kwa moja katika bajeti, sawa na mafuta ya magari ya mawaziri. Hakuna aliyekatwa mchango, hakuna akiba iliyowekwa. Serikali iliahidi tu. Huo ulikuwa urithi wa Bulamatari tuliouchukua bila kuuliza, lakini Bulamatari alikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: franka yake ilikuwa imefungwa na franka ya Ubelgiji, na nyuma yake kulikuwa na nchi tajiri iliyokuwa tayari kusema, hawa ni wetu, tutalipa.

Angalia kilichotokea kwa pesa. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua nafasi ya franka 1,000, na ilikuwa na thamani ya dola 2. Mwalimu aliyekwenda retreti na zaire 100 kwa mwezi alikuwa mtu wa heshima. Aliweza kujenga, aliweza kulipia wajukuu masomo. Kisha ikaja zaïrianisation, bei ya shaba ikaanguka, mashine ya kuchapa noti ikawa ndiyo wizara ya fedha. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa na zaire za zamani miliyoni 3. Mwaka 1998 franka ya Kongo moja ilibadilishwa na zaire mpya 100,000. Piga hesabu: franka moja ya Kongo ni sawa na zaire za zamani miliari 300. Ile zaire 100 ya mwalimu wetu haikuwa tena hata vumbi la makuta. Hakuna aliyeiba pensheni yake kwa bunduki. Ilikufa mfukoni mwake, kidogo kidogo, wakati yeye alikuwa amekaa chini ya mwembe akingoja mtu wa kaisi.

Wale waliobaki kazini waliona, wakajifunza. Sheria ya kwanza waliyoijua ilisema mtu anastaafu akiwa na miaka 55 au miaka 30 ya kazi. Sheria mpya ya watumishi wa serikali, ya Julai 2016, imepandisha hadi miaka 65, au 35 ya kazi. Lakini ingia katika biro yoyote ya serikali Bukavu, Kisangani au Kalemie, utaona babu ambaye kisheria angekuwa nyumbani tangu zamani. Si kwamba anapenda kazi sana. Anaogopa. Kutoka bila kitu cha mwisho cha kumshika mkono ni kujihukumu njaa, na mshahara mdogo, pamoja na matabishi ya hapa na pale, unashinda pensheni ya karatasi. Kijana mwenye diploma anangoja nje ya mlango miaka kumi. Watu wanasema vijana hawana kazi. Waseme pia kwamba wazee hawana njia ya kutoka.

Mwaka 2015 serikali iliunda CNSSAP, mfuko wa akiba ya watumishi wa serikali, na mwezi wa Julai 2022 sheria ya utaratibu huo maalum ikatolewa. Sasa agenti anakatwa sehemu ya mshahara, na serikali, kama mwajiri, inapaswa kuongeza sehemu yake. Hiyo ni hatua ya kweli na tunaiunga mkono. Kwa mara ya kwanza tangu 1908 uzee wa mtumishi wa serikali Mkongomani una sanduku lenye jina lake. Sanduku jipya lina hatari mbili ambazo tunapenda kuzitaja mapema, kabla ya kuwa kashfa.

Ya kwanza inahusu wazee waliotumika kabla ya mfuko kuzaliwa. Hao hawakukatwa kitu, kwa sababu serikali haikuwaomba. Deni lao ni la hazina ya taifa, si la vijana wanaochangia leo. Kama mchango wa muuguzi wa miaka 28 wa Uvira utatumika wote kulipa wazee wa zamani, basi siku yake ikifika atakuta sanduku tupu, na tutakuwa tumerudi pale pale pa Bulamatari: mmoja anachangia, mwingine anakula, hesabu imefichwa. Tunaomba bajeti ya taifa iwe na mstari wake wa wazi kwa ajili ya deni lile la zamani, upigiwe kura bungeni kila mwaka, na ulipwe kabla ya safari za mawaziri. Mbunge akiupunguza, jina lake lijulikane.

Hatari ya pili ni serikali yenyewe kuwa mdeni wa mfuko. Mchango wa agenti unakatwa kwenye mshahara kabla hajaugusa. Hana njia ya kuuchelewesha. Sehemu ya serikali inaweza kuchelewa mwezi, mwaka, na hakuna mahakama itakayompelekea waziri hussier. Na sanduku likianza kujaa, waziri atakayebanwa atakuja kulikopa. Katika nchi yetu tunajua mkopo wa namna hiyo unavyoishia. Mfuko utangaze kila miezi mitatu ni kiasi gani agenti wametoa, ni kiasi gani serikali imetoa, na ni kiasi gani kimewekwa wapi. Utangaze kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, si kwa Kifaransa cha Gombe peke yake.

Sasa tuje nyumbani. Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, na mwezi wa Februari Bukavu, mabenki yalifunga milango. Kwa mstaafu mwenye konti yake pale, pensheni ikawa namba tu. Ipo, imeandikwa, ila haishikiki. Kuna wanaovuka mpaka kutafuta pesa Gisenyi, kuna wanaopitia simu na kumwachia mtu wa kati sehemu, kuna wanaomtuma mtoto Beni kwa njia ambayo sisi wenyewe tunaandika habari zake za vifo kila wiki. Mjane wa mwalimu mwenye miaka 75 hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Na kila orodha inapohakikishwa upya, mzee anaombwa ajionyeshe yeye mwenyewe kama yuko hai. Ajionyeshe wapi? Kwa nani, na kwa pikipiki ya nani?

Kinshasa itasema haiwezi kupeleka makaratasi mahali ambapo haina utawala. Tunaelewa ugumu. Lakini pensheni si msaada wa kibinadamu, wala si zawadi kwa eneo linalotii. Ni mshahara uliocheleweshwa wa kazi iliyokwisha kufanyika, wakati Goma ilikuwa na gavana wa Kinshasa na bendera moja. Mstari wa vita ulipita juu ya miji; haukupita juu ya miaka 35 ya mwalimu. Serikali iseme wazi, kwa maandishi, kwamba hakuna mstaafu atakayefutwa kwenye orodha kwa sababu hakuweza kufika kuhakikishwa, na kwamba miezi yote isiyochukuliwa inabaki deni. Uthibitisho wa uhai unaweza kutolewa kwa simu ya picha, au na paroko, mchungaji, imamu, mkubwa wa shule. Wakati wa kolonia barua ya paroko ilikuwa na uzito kwa mtu. Leo itoshe kumfikisha kwenye pensheni yake. Na wale wanaotawala miji hiyo leo wasifanye orodha za wastaafu kuwa silaha nyingine.

Tunapenda kusema neno moja pia kwa Ubelgiji, kwa sababu mlango bado haujafungwa kabisa. Tume ya bunge lake juu ya historia ya kolonia ilimaliza kazi mwezi wa Desemba 2022 bila kupatana, na kilichowagawanya kilikuwa neno la kuomba msamaha. Msamaha ni mambo ya roho. Sisi tungeanza na mambo ya dosye. Nyaraka za utawala wa kolonia ziko Brussels, na zinaendelea kuhamishiwa katika hifadhi ya taifa ya nchi hiyo. Ndani yake kuna faili za watumishi Wakongomani na za askari: majina, vijiji, tarehe za kuingia kazini. Zipigwe picha, ziletwe hapa, na familia ziruhusiwe kutafuta babu yao. Nchi iliyoweza kuhesabu haki za kila mwajiriwa wake hadi senti ya mwisho, na kuzilipa hadi leo kupitia idara zake za akiba ya jamii, inajua jinsi ya kusoma faili.

Huku kwetu kikao cha bajeti kinafunguliwa mwezi wa Septemba. Wabunge wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri, Maniema, Tshopo na Tanganyika watapewa kitabu kinene cha namba. Tunawaomba watafute ukurasa wa pensheni, wausome wao wenyewe, na wakirudi watuambie waliona kiasi gani.